Mwalimu aliyetoka Uswidi akaomba kura Tanganyika: tujadili habari za Mama Barbro Johansson

MLETA UZI

Ndugu zangu, salaam.

Kila uchaguzi unapokaribia huanza maneno ya "huyu si wa kwetu", na maneno hayo huwa makali zaidi pale anayesemwa ni mtu aliyezaliwa nje ya mipaka yetu, hata kama amewafundisha watoto wa kijiji hicho kusoma na kuhesabu kwa miaka ishirini. Nimeona nianzishe uzi kuhusu mwalimu mmoja ambaye vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya shule ya wasichana iliyopo Luguruni, Dar es Salaam, lakini wachache wanajua kwamba mwenye jina aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kabla ya uhuru, akiungwa mkono na TANU. Naomba mnivumilie, maana habari yenyewe ni ndefu.

Barbro Johansson alizaliwa Uswidi mwaka 1912. Mwaka 1946 alifika Bukoba akiwa mmisionari wa Kilutheri na mwalimu, na kazi iliyomjulisha kwa watu wa kule ilikuwa ya aina mbili: elimu ya wasichana, ambayo matunda yake ni shule ya Kashasha, na madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, hasa akina mama. Hii ya pili ndiyo ninayotaka tuiangalie kwa karibu, kwa sababu wengi wanaoandika historia ya siasa huipita haraka ili wafike kwenye uchaguzi, na mimi naamini bila kazi hiyo uchaguzi wenyewe haueleweki.

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto wanne, katika darasa la jioni la kanisa huko Muleba. Hakuwahi kusema kwamba alifundishwa na Mama Barbro mwenyewe, na mimi siwezi kumzidishia maneno. Waliofundisha madarasa hayo vijijini walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa Wahaya. Ila nilimwona kwa macho yangu, akiwa mzee, jinsi alivyosoma. Kidole chake kilitembea chini ya mstari, midomo ikitamka silabi moja moja, na alipofika mwisho wa mstari alikiinua kidole juu kama mtu anayevuka mfereji, akakituliza kwanza kwenye mstari wa chini ndipo akaendelea. Barua za mjomba kutoka Kampala alizisoma mwenyewe. Kabla ya hapo, alinieleza, kila barua ilisomwa na karani mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao, na habari za nyumba yake zilikuwa zimeshafika kijiji kizima kabla yeye hajarudi kwenye kibanja chake.

Sasa tuje kwenye siasa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta utaratibu wa kura tatu: kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Sharti hilo liliwekwa ili jamii ndogo zipate viti sawa na Waafrika ambao walikuwa karibu nchi nzima. Wanachama wengi wa TANU waliona ni tusi na walitaka chama kisusie uchaguzi. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ule ambao wazee wanauita wa Uamuzi wa Busara, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na mwelekeo huo, akatoka na kuunda chama chake cha ANC (African National Congress).

Kwa kukubali, TANU ilijikuta inahitaji Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono, kwa sababu ingewaachia wengine viti hivyo, mpiga kura wake mwenyewe angelazimika kumpigia kura mtu wa chama cha UTP (United Tanganyika Party) kilichokuwa kipenzi cha Gavana Twining. Ndipo chama kilipoanza kutafuta: ni nani kati ya wageni hawa amekaa na watu vizuri? Kaskazini wakawapata Derek Bryceson, mkulima aliyezaliwa China kwa wazazi Waingereza, na Sophia Mustafa, aliyezaliwa India na kukulia Kenya. Nyanda za Juu Kusini wakampata Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani. Na upande wa Ziwa, mwaka 1959, wakamfuata mwalimu wa Bukoba.

Hapa kuna jambo ambalo nimelifikiria sana. Sheria ile ya kura ilitaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au awe na cheo kilichotajwa. Mama aliyejifunza kusoma jioni baada ya kutoka shambani hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Maana yake ni kwamba wale aliowatumikia zaidi Mama Barbro hawakuwa na haki ya kumpigia kura. Waliompigia ni makarani, walimu, watu wa vyama vya ushirika na wafanyabiashara, nao walimjua kwa sababu sifa zake ziliwafikia kupitia mama zao na dada zao. Kwa hiyo anayesema kwamba alifundisha ili apate kura anakosea hesabu, kwani darasa la ngumbaru halikuwa na kura hata moja.

Jambo la pili ni kwamba wakati huo TANU ilikuwa haijafungua uanachama kwa watu wasio Waafrika. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1963. Mama Barbro alisimama kwa kuungwa mkono na chama ambacho hakikuweza kumpa kadi. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, aliomba uraia wa Tanganyika na kuupata, na sheria yetu haikuruhusu mtu kushika uraia wa nchi mbili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Viti vya rangi vilikuwa vinakwisha, hakuna aliyemlazimisha, na angeweza kurudi kwao akapokewa kwa heshima. Akabaki, akaendelea na kazi ya bunge, akaongoza pia Shule ya Wasichana Tabora. Kwangu mimi uamuzi huo wa 1962 una uzito kuliko ushindi wa 1959, kwa sababu ushindi ule ulitengenezewa nafasi na sheria mbaya, lakini uraia aliuchagua mwenyewe.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba tuijadili kwa heshima: mwalimu mgeni akiomba kura, tumuulize amefanya kazi gani, kwa muda gani, na amefunga njia ya kurudi au ameiacha wazi, mahali alipozaliwa pasiwe swali la kwanza. Karibuni.

MCHANGIAJI KUTOKA BUKOBA

Ndugu mleta uzi, shikamoo kama unanizidi, na ahsante kwa kumkumbuka mama yetu. Huku kwetu waliosoma Kashasha bado wanalitaja jina lake kwa upendo. Hata hivyo nina jambo la kupinga.

Wewe unasema kazi ndiyo iliyompa nafasi. Mimi nasema kazi na ngozi vilikwenda pamoja. Katika Bukoba ya miaka ya 1940 mwanamke Mzungu wa misheni aliweza kuingia kwa DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, bila kusubiri, aliweza kuomba fedha Ulaya zikaja, na maneno yake yalisikilizwa na wanaume ambao wasingemsikiliza mwalimu wa kike wa Kihaya mwenye uwezo uleule. Wapo walimu wetu waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, mvua ya Kagera mnaijua ilivyo, wakibeba ubao na chaki, na hakuna shule yenye majina yao. Nisieleweke kwamba namshusha Mama Barbro. Nasema tu kwamba tukimfanya kipimo cha mgeni mwema, tutakuwa tumechukua kipimo ambacho mgeni mweusi aliyevuka mpaka akiwa na furushi kichwani hawezi kukifikia hata akifundisha miaka hamsini.

MLETA UZI

Marahaba, ndugu yangu, nami nakuamkia kama umenizidi. Hoja yako ni nzito na nusu yake naikubali bila kubisha. Ni kweli ngozi ilimfungulia milango, na sheria ya kura tatu ilimhitaji awe Mzungu, sikuificha. Ni kweli pia kwamba waliofundisha pamoja naye hawakuandikwa, na mimi mwenyewe nimeshindwa kumtaja mwalimu wa bibi yangu kwa sababu hakuna aliyelitunza jina lake.

Nusu ninayoikataa ni kwamba ngozi peke yake ingetosha. Wazungu wa UTP walikuwa na ngozi ileile, pamoja na fedha na baraka za gavana, na wakashindwa. Tena utaratibu wa rangi ulipoondolewa kabisa, katika uchaguzi wa 1965, wananchi wa kawaida wenye haki ya kura bila masharti ya kipato waliingia katika chumba cha kupigia kura wakiwa na alama mbili za wagombea mbele yao, jembe na nyumba, na Bryceson alishinda Kinondoni huku Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, akishinda Morogoro. Katika uchaguzi huohuo mawaziri Waafrika waliangushwa. Kwa hiyo wapiga kura wa wakati ule walikuwa wanatazama kitu kingine.

Ninaloliona kuwa msingi wa yote ni mjadala wa Oktoba 1961 bungeni, kuhusu muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa kata kata, akasema utii kwa nchi ndio kipimo na wala si rangi, na akaweka wazi kwamba muswada ukiangushwa serikali yake itajiuzulu. Siku hamsini na kitu kabla ya uhuru, kiongozi alikuwa tayari kuuacha uongozi kwa ajili ya jambo hilo. Bila mjadala ule Mama Barbro asingepata mahali pa kuomba uraia mwaka uliofuata.

MCHANGIAJI ANAYEISHI GÖTEBORG

Wakuu, nimesoma nikiwa nchi aliyotoka yeye, na ninataka kuongeza upande wa pili wa barabara.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na ninafundisha Kiswahili katika shule za hapa. Uswidi ina utaratibu ambapo mtoto ambaye nyumbani kwao panazungumzwa lugha nyingine anaweza kupewa masomo ya lugha hiyo, yaani lugha ya mama, na kuna walimu kama mimi wanaozunguka shule nne au tano kwa wiki na mkoba wa vitabu. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa Wakongomani na Warundi. Jumamosi najitolea kuwasaidia wazazi kujaza fomu na kuelewa barua za ofisi, na kila ninaposoma barua ya mtu mwingine huwa nafunga mlango kwanza. Niliposoma habari ya bibi yako na karani nimeelewa kwa nini huwa nafanya hivyo.

Hapa mgeni aliyekaa miaka mitatu anaweza kupiga kura ya halmashauri hata kabla ya kuwa raia, na utaratibu huo upo tangu 1976. Ubunge ni lazima uwe raia. Mwaka 2018 Leila Ali Elmi, aliyezaliwa Somalia, aliingia Bunge la Uswidi kutoka mji huu huu wa Göteborg. Mara mbili nimeombwa nikubali jina langu liwekwe kwenye orodha ya chama kwa ajili ya halmashauri, na mara zote mbili nimesita, kwa sababu siku mwalimu anapovaa beji ya chama kuna wazazi watakaoacha kumletea barua zao. Ningependa kujua kama Mama Barbro alipoteza mtu yeyote kwa kuingia siasani. Kanisa lilikuwa na watu wa kila mtazamo.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Göteborg, swali lako sitalijibu kwa kubuni. Ninachokijua ni kwamba hakuacha kufundisha alipoingia siasani, na kwamba watu waliendelea kumwita Mama, si Mheshimiwa. Ushauri wangu kwako, kama unaruhusu kushauriwa na mtu asiyekujua, ni kwamba ukikubali, uwaambie wazazi wewe mwenyewe kabla hawajaona jina lako kwenye orodha.

MCHANGIAJI MWANASHERIA

Nimeona watu wengi wanachanganya, kwa hiyo niweke sheria ya leo mezani kwa ufupi.

Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka mbunge awe raia aliyetimiza miaka ishirini na moja, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Haisemi raia wa kuzaliwa. Sharti la kuzaliwa lipo Ibara ya 39, kwa Rais. Kwa hiyo raia wa tajinisi, yaani aliyeomba uraia akapewa, anaweza kuwa mbunge, na anayemwambia vinginevyo jukwaani anadanganya wananchi.

Uraia wenyewe, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, unahitaji mwombaji awe ameishi nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Uamuzi wa mwisho ni wa Waziri. Sheria haimsumbui mwalimu mgeni kwa kiasi ambacho majirani humsumbua, na hilo mahakama haiwezi kulitibu.

MLETA UZI

Ahsante sana, mwanasheria, na sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Niwaeleze sasa habari niliyoiacha nje mwanzoni.

Mwalimu wetu wa hisabati, katika shule ambayo sitaitaja, alizaliwa Burundi na kuletwa huku akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake mwaka 1972. Alikulia katika makazi ya Ulyankulu. Serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi hilo, uamuzi ukitangazwa 2010 na vyeti vikianza kutolewa Oktoba 2014, na yeye alikuwa mmoja wao. Cheti alikitia ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya bahasha, kisha kati ya kurasa za kitabu cha hesabu cha kidato cha pili, kwa sababu, alituambia, mchwa hula karatasi za serikali kabla ya zote. Nilipokwenda kumsalimia alikitoa ili nikione. Alikishika kwa ncha za vidole, akanisomea jina lake mwenyewe kwa sauti.

Mtu huyu ndiye aliyesimamia uchimbaji wa vyoo vya shule kwa kujitolea, ndiye aliyefundisha twisheni za bure kila Jumamosi, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya maji kwa sababu wengine hawakutaka kuandika mihtasari. Watu wakamwomba agombee serikali ya kijiji. Katika mkutano, bwana mmoja ambaye watoto wake watatu walifundishwa na mwalimu huyo alisimama akasema, "Mwalimu tunakupenda, lakini uongozi ni wa wenye nchi." Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, alisema kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana na wote. Mwalimu alikaa kimya kidogo, akafungua daftari la kamati ya maji lililokuwa mapajani mwake, na akaiandika sentensi ile kwenye muhtasari, neno kwa neno, na jina la msemaji mbele yake, kama alivyoandika za wengine wote.

Ndugu wa Bukoba, ulisema mgeni mweusi mwenye furushi hawezi kufikia kipimo cha Mama Barbro. Huyu alikuwa amekifikia na kukipita, na hakuwa na gavana, wala misheni, wala sheria ya kura tatu ya kumtengea kiti. Ndiyo maana nimerudi nyuma hadi 1959 na 1961. Nataka tujue kwamba swali la yule bwana lilishaulizwa na wabunge wetu wakati nchi bado haina hata bendera yake, na likajibiwa.

MCHANGIAJI KUTOKA BUKOBA

Nimekusoma, kaka, na nimetulia. Ninalo ombi moja. Mama yangu mkubwa alisoma Kashasha na bado ana kumbukumbu nzuri; mwisho wa mwezi ninakwenda kumwona. Nitamuuliza majina ya walimu wa Kihaya waliofundisha akina mama jioni, niyalete hapa jina moja moja na kijiji chake, huenda tukampata na aliyemfundisha bibi yako. Na yule mwalimu wa Ulyankulu, je, fomu aliirudisha?

MLETA UZI

Aliirudisha siku ya mwisho, saa tisa alasiri, akitoka darasani na chaki ikiwa bado mikononi. Kura zilipohesabiwa alikosa nafasi kwa kura kumi na moja. Kamati ya maji bado yeye ndiye katibu.